Mayai Yasiyomulikwa

Jua lilikuwa limezama na taa za barabarani hazijawashwa, Taa alipoingia dukani kununua yai moja.

Jina lake halisi watu walikwisha kulisahau. Kazini walimwita Taa kwa sababu miaka kumi na minane alikuwa amekaa kwenye stuli ileile, ndani ya chumba kisicho na dirisha, akimulika mayai. Unalishika yai, unaliweka mbele ya balbu, unalizungusha mara moja. Yai zima, kulia. Lenye ufa, kushoto. Viza, kwenye ndoo. Mkono wake ulikuwa umeizoea kazi hiyo hata usingizini. Mama yake alishawahi kumkuta amelala fofofo huku vidole vinazungusha hewa.

"Moja tu?" mwenye duka akauliza.

"Moja. La mama."

"Chukua mawili, Taa. Siku hizi unavunja moja unakuta maji, la pili unakuta maji na aibu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na la kufanya.

Maana mayai yalikuwa yameharibika, na mtaa mzima ulijua. Yalianza kwa ganda, jepesi, linapasuka kwa kuguswa tu. Kisha ute ukawa majimaji. Kisha kiini kikapauka, kutoka njano hadi rangi ya karatasi kuukuu, hadi... Wiki ile Taa alikuwa amemulika mayai ambayo mwanga uliyapita kama unavyopita kwenye glasi ya maji. Hayakuwa na kiini kabisa. Msimamizi alisema ni chakula cha kuku. Mwenye duka alisema ni uzee wa kuku. Mpanga trei, mzee ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, alisema kuku nao wamegoma, wanangoja nyongeza. Kila mtu alikuwa na lake.

Kwa wengine hiyo ilikuwa kero ya chai ya asubuhi. Kwa Taa ilikuwa roho ya mama yake. Tangu ugonjwa umshike, tumbo la mama lilikuwa limekataa kila kitu isipokuwa yai moja laini la kuchemsha, jioni. Uji ulirudi. Supu ilirudi. Yai ndilo lililokaa, na sasa yai lenyewe lilikuwa maji. Kila jioni Taa alipomgeuza mama kitandani, alimkuta mwepesi kuliko jana.

Nje ya duka, kwenye ngazi, palikuwa na mwanamke ameketi na kikapu mapajani. Hakuwa kijana, hakuwa mzee. Alinuka manyoya yaliyolowa.

"La mgonjwa hilo?" akauliza bila kuinua uso. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala.

"La mama yangu."

"Halimfai. Shika haya."

Mayai matano. Taa akayapokea kwenye ncha ya khanga yake. Yalikuwa na uvuguvugu.

"Nikulipe nini, dada?"

"Yanajilipa. Ila usiyamulike."

Alipofika konani Taa aligeuka. Mwanamke bado alikuwa ameketi palepale. Mwenye duka alikuwa ametoka kufagia ngazi, na ufagio wake ulipita pale alipoketi yule mwanamke, ukaenda, ukarudi, bila kugota popote.

Taa akaharakisha. Alijiambia ni giza. Mtu mwenye mgonjwa ndani hujiambia mengi.

Jioni ile hakulimulika. Alilitumbukiza yai kwenye maji yanayochemka, akalimenya, akalikata. Kiini kilikuwa cha rangi ya kutu, kizito, kinang'aa. Harufu yake ikajaa chumba kizima, harufu ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni. Mama akatia kijiko cha kwanza mdomoni. Akafumba macho. Chozi likatelezea sikioni.

"Ni tamu, mama?"

"Ni tamu, mwanangu."

 Alikula lote. Asubuhi Taa alimkuta ameketi kitandani, anatafuta kitana.

Kazini siku ile mpanga trei alimkodolea macho.

"Taa, leo umekuja kuoka mkate? Una unga kichwani."

Haukuwa unga. Ulikuwa mstari mweupe wa mvi, kutoka kwenye paji hadi kisogoni.

"Jana haukuwepo huo," mzee akasema, na safari hii hakucheka.

Yai la pili lilimtoa mama kitandani. Alitembea mwenyewe hadi mlangoni, akasimama na kuutazama mtaa kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Taa alilia kwa furaha, akijificha nyuma ya pazia. Kesho yake alipouma mkate, jino likabaki kwenye mkate. Halikumuuma. Halikutoa hata tone la damu.

Akalitupa. Akaenda kazini.

Jioni ya tatu maji yalikuwa yanatokota jikoni na mama alikuwa chumbani, anaimba kwa kuguna, wimbo usio na maneno. Taa alisikiliza. Muda gani haujasikika wimbo ndani ya nyumba hii? Alikuwa ameshika yai na mawazo yake yako mbali, na balbu ilikuwa inaning'inia karibu na uso wake.

Mkono ukaenda wenyewe.

Miaka kumi na minane. Mkono haukumwuliza. Ukaliweka yai mbele ya balbu, ukalizungusha mara moja.

Ndani kulikuwa na mtu.

Mdogo, mdogo kuliko ukucha. Mwanamke, ameketi kwenye stuli, kichwa amekiinamisha. Mkononi ameshika kitu cha mviringo, amekiinua mbele ya mwanga. Taa akajaribu kushusha mkono. Vidole vilikataa. Na yule wa ndani... polepole... akaanza kugeuza shingo.

Uso ulikuwa wake. Ila bila jino hata moja.

"Umemwona nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kwa miguu yake mwenyewe. Hakuuliza ameona nini. Aliuliza nani.

"Sijaona mtu, mama. Rudi ukakae, chakula kinakuja."

"Hebu fungua mdomo."

"Mama..."

"Fungua mdomo, nimesema."

Taa akafungua. Mama akatazama pengo, kisha akainua mkono, akaugusa ule mstari wa mvi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akazima jiko. Maji yakatulia sufuriani.

"Ulikuwa na miaka minne," mama akasema. "Ulikuwa huli, hunywi. Mayai ya dukani yalikuwa yameharibika wakati ule pia, yalitangulia kuharibika yenyewe. Halafu akaja mwanamke na kikapu. Akampa baba yako saba. Mimi nilikuwa naonja kwa ncha ya kijiko kabla ya kukulisha. Ulikula yote saba, ukainuka, ukaenda kucheza."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa na miaka thelathini na moja. Tulipomzika, nywele zake zilikuwa pamba tupu."

Taa akaliweka yai mezani.

"Mimi sikujua," mama akaendelea, sasa kwa kunong'ona. "Kama yeye alijua, sijui. Kila jioni alikuwa ananiambia, mpe mtoto ale. Anakohoa, anashika ukuta, anasema mpe mtoto ale. Nimeyafikiria maneno yale maisha yangu yote."

"Kumbe juzi uliitambua ladha."

Mama aliinamisha uso. "Kijiko cha kwanza tu. Nikanyamaza. Nikala na siku ya pili. Nilikuwa na njaa, mwanangu... si ya chakula. Nilitaka kuliona jua tena. Unisamehe."

Taa hakuona cha kusamehe. Nani asiyetaka kuliona jua? Alimshika mama mabega, mabega ambayo kwa siku mbili yalikuwa yamepata nyama kidogo.

"Basi kula, mama. Sasa najua, na ninatoa mwenyewe. Yamebaki matatu tu."

"Nilishamla baba yako bila kujua. Wewe sikuli tena kwa kujua."

Na akafunga mdomo. Taa alibembeleza, akakasirika, akapiga magoti. Kesho yake alileta mayai ya dukani, yale ya maji, na mama akayatema. Taa aliapa kwamba uji aliomkorogea hauna kitu, na kweli haukuwa na kitu, lakini mama akageukia ukuta. Alikuwa haamini tena kijiko chochote kutoka mkono ule. Hilo ndilo lililomuuma Taa kuliko yote. Siku ya tisa mama akakata roho.

Yale matatu hakujua ayafanye nini. Kuyavunja aliogopa. Nani anajua kinachomwagika? Kuyazika aliogopa zaidi. Akayafunga kwenye kitambaa, akayaficha nyuma ya kopo la sukari, chini kabisa kabatini.

Kisha wakaja watu wa msiba. Wanawake wakaingia jikoni, wakafungua kila kilichofungwa, kama inavyokuwa nyumba ya kilio. Shangazi yake, dada wa marehemu baba, alishushwa kwenye gari na watu wawili, mkongojo mkononi, magoti yamevimba. Alilala kwenye mkeka siku mbili bila kuinuka, akiwapa pole wanaompa pole.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, Taa alisikia uchovu umemshukia ghafla, kama mtu aliyevuliwa kitu mwilini. Aliinua mkono kupangusa jasho, na nywele zikabaki kiganjani, kishungi kizima, nyeupe. Akapapasa ukuta hadi jikoni. Macho yalikuwa na ukungu. Kabati lilikuwa wazi. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya meza, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Shangazi alikuwa kwenye karo, wima, anasugua sufuria kubwa la msiba, ambalo hubebwa na wanawake wawili. Mkongojo ulikuwa haupo karibu naye.

"Mwanangu! Mbona umesawijika hivyo? Kaa hapa, kaa. Leo shangazi yako ana nguvu, magoti yamenisamehe." Akacheka, na kicheko kilikuwa cha baba, kilekile ambacho Taa alikikumbuka kwa mbali sana. "Nimekuibia mayai yako, mama. Yalikuwa matatu, nikasema nionje moja. Mlafi mimi, nimeyamaliza. Yapo mengine?"

Taa alifungua mdomo kumwambia. Akautazama uso ule wenye furaha, umelowa mvuke wa maji ya moto. Akaufunga.

"Hayapo, shangazi," akasema. "Yalikuwa matamu?"

Shangazi akaacha kusugua. Povu likamtiririka hadi kiwikoni.

"Matamu mno. Nimeyala huku nalia, mwanangu, na wala sijui nilikuwa namlilia nani."