Mazishi ya Namba Kumi na Tatu

Kila Jumamosi Nyokabi aliamka mapema, akafua sare yake ya shule, akaianika kwenye kamba nyuma ya nyumba yao pale Satellite, Nairobi, akanywa chai kwa mkate, kisha akachukua daftari lake la jalada jekundu na kumsubiri Anko Ndegwa mlangoni. Daftari hilo halikuwa la shule. Lilikuwa la mpira wa kikapu. Nyokabi alikuwa na miaka kumi na miwili, na kuanzia Satellite hadi Adams Arcade hapakuwa na mtu aliyeweza kufuatilia alama za mchezo kama yeye. Nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kaanguka, yote aliyaandika. Inasemekana siku moja refa alisimamisha mchezo akaja kumwuliza matokeo. Mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia hajanidanganya zaidi ya mara tatu.

Anko Ndegwa, kaka ya mama yake, alikuwa na duka la kinyozi karibu na Adams Arcade. Pia alikuwa mkuu wa mashabiki wa Radi, timu ya wasichana ya Chuo cha Kirichwa. Jumamosi hii msimu ulikuwa unafunguliwa, na Radi walicheza na Chuo cha Ualimu cha Kiluani, kutoka mbali huko Ukambani. Radi walifunga tisini na saba. Kiluani walifunga kumi na nne. Wavu wa kikapu cha Kiluani ulichoka mpaka ukataka kuomba likizo.

Ilipofika saa kumi alasiri, mashabiki walikuwa wamejaa kwa kinyozi, wengine wamekalia benchi, wengine wamekaliana.

"Tisini na saba!" Ndegwa alipaza sauti, mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake akiwa na nywele upande mmoja tu. "Jameni, hiyo si mechi, hiyo ni ajali ya barabarani!"

"Na walikuja watano tu," mteja akasema bila kugeuza kichwa. "Benchi lao lilikuwa tupu kama friji yangu."

"Tupu wapi? Si kulikuwa na ndoo ya maji?" akadakia Bwana Viraj, aliyekuwa akiuza runinga pale Adams na ambaye zamani alisoma Kirichwa. "Ile ndoo wangeiingiza uwanjani. Ingekaba kuliko wao."

Watu wakapasuka kwa kicheko.

"Na yule namba kumi na tatu!" Ndegwa akaendelea. "Mliona viatu? Kimoja cheupe, kingine cha buluu, kikubwa kama beseni! Anachechemea hivi, kama kuku aliyefungwa mguu sokoni."

Akaiacha mashine, akachechemea kuzunguka viti vyote vitatu. Nyokabi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mashabiki wa Radi walikuwa na desturi yao. Timu ikishindwa na Radi kwa zaidi ya alama hamsini, ilizikwa. Bwana Viraj alileta katoni ya runinga, hilo likawa jeneza. Ndani wakatia karatasi yenye jina la timu. Wakaimba wimbo wa kushusha maiti kaburini, wakanyunyiza udongo juu ya katoni, na mtu mmoja akasoma wasifu wa marehemu kama ilivyo katika matanga yoyote ya heshima. Kwa kawaida msomaji alikuwa Ndegwa mwenyewe. Leo sauti yake ilikuwa imekauka kwa kushangilia.

"Nyokabi asome," akasema. "Huyu ndiye ana daftari. Panda juu ya kiti, Pasta wetu."

Nyokabi alipanda kiti cha kunyolea, akafungua daftari. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa umeandikwa vizuri. Dakika ya tatu, namba kumi na tatu wa Kiluani aanguka, ashika mguu. Dakika ya nne, abadilisha kiatu. Dakika ya tano, namba kumi na tatu afunga. Dakika ya kumi na moja, namba kumi na tatu afunga tena. Aliteremsha macho mpaka chini. Kati ya alama kumi na nne za Kiluani, kumi na moja zilikuwa za msichana yule mwenye kiatu kama beseni.

Akaangalia nyuso zilizokuwa zikimsubiri. Zilitaka kucheka. Akalifunga daftari.

"Marehemu namba kumi na tatu," akaanza kwa sauti nzito ya kanisani, "alizaliwa katika zizi la mbuzi, ndiyo maana alivaa viatu gizani!"

"Haleluya!" wakaitikia.

"Katika uhai wake hakuwahi kufunga hata mlango! Leo alipouona mpira, alidhani ni boga, akataka kuupeleka jikoni! Wakati wa mapumziko alilia akitaka uji!"

"Apewe, Pasta! Apewe uji!"

"Ameacha ndoo moja ya maji, ambayo ni mjane!"

Hapo Bwana Viraj alianguka kwenye benchi akishika mbavu. Mtu mmoja alikuwa akirekodi kwa simu. Kamera ilielekea kwenye katoni, kwa hiyo uso wa Nyokabi haukuonekana, ila sauti yake ilisikika wazi, kila neno. Kufikia Jumapili mchana, video ile ilikuwa imezunguka Nairobi nzima. Wengine hudai hata twiga wa Langata waliinamisha shingo kuitazama.

Jumatatu asubuhi, gwaride likiwa limesimama, mwalimu mkuu alimtambulisha mwanachuo aliyekuja kufanya mazoezi ya ualimu shuleni kwao.

"Huyu ni Mwalimu Kanyiva. Anakaa kwa shangazi yake hapa Satellite. Atawafundisha Hesabu Gredi ya Sita."

Mwalimu Kanyiva alipiga hatua mbele. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba. Alichechemea. Mguu wa kushoto ulikuwa na kiatu cheusi, wa kulia ulikuwa na kiatu cha buluu, kikubwa.

Faizan, aliyesimama nyuma ya Nyokabi, alimdunga mgongoni. Kaka yake Faizan alikuwa shabiki wa Radi, na nyumbani kwao kiatu kile kilikuwa kimesimuliwa na video imechezwa mara ishirini. "We! Si huyu ndiye marehemu?"

Nyokabi alijikunja nyuma ya mgongo wa aliyesimama mbele yake.

Walimu watarajali hupimwa na watoto kabla ya kupimwa na chuo, na watoto hawana huruma. Kipindi cha kwanza, Mwalimu Kanyiva alipoingia, mtu mmoja wa nyuma alianza kuvumisha wimbo wa kushusha jeneza kwa mdomo uliofungwa. Mwingine akamfuata, kisha darasa lote. Hakuna mdomo uliofunguka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kushikwa. Jumanne alikuta udongo juu ya meza yake, umemwagwa vizuri kama juu ya kaburi. Aliufagia kwa kiganja, akautupa dirishani, akaandika tarehe ubaoni.

"Pole, marehemu," sauti ikanong'ona, na darasa likafa kwa kicheko.

Kila siku Mwalimu Kanyiva alifanya jambo moja. Kila palipokuwa na swali la kusomwa, alisema, "Nyokabi, soma wewe. Una sauti nzuri."

Nyokabi alisoma haraka, macho yake hayatoki kitabuni. Mwalimu alimsikiliza ameinamisha kichwa kidogo, wala hakasiriki. Nyokabi angependelea apigiwe kelele.

Jumatano alitumwa kupeleka madaftari katika chumba cha walimu. Alimkuta Mwalimu Kanyiva peke yake, kiatu cha buluu kimewekwa pembeni. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi kitamu.

"Weka hapo," mwalimu akasema. "Unakiangalia kiatu? Kiulize. Au nikuambie mimi?"

Nyokabi aliyaweka madaftari mezani.

"Tulitoka Kiluani tukiwa wanane. Watatu walikula nyama mbaya njiani, wakabaki ndani ya gari wakitapika. Dakika ya tatu nikateguka mguu. Ukavimba mpaka kiatu changu kikakataa kuingia, nikachukua cha mmoja wa waliokuwa wagonjwa. Ningetoka, wangebaki wanne." Akaufunga mguu kwa bendeji taratibu. "Kesho mkaguzi anakuja kutoka chuoni kuniona nikifundisha. Darasa likiimba ule wimbo wenu mbele yake, ataandika kwamba siwezi kushika darasa, na nitarudia mazoezi yote mwaka ujao. Basi, nenda."

Nyokabi alifika mlangoni, akasimama. Alifungua mdomo.

"Nenda, Nyokabi," mwalimu akarudia.

Siku hiyo hakula chakula cha jioni. Alitoa daftari jekundu chini ya godoro, akalitia katika mkoba wa shule.

Alhamisi, Bi Nanyama, mkaguzi, aliketi nyuma ya darasa na faili mapajani. Alikuwa mama mnene wa miwani, mwenye sura ya mtu ambaye hajacheka tangu shule zilipofunguliwa. Mezani pa mwalimu palikuwa na udongo, tena leo ulikuwa na ua juu yake. Mwalimu Kanyiva alipogeuka kuandika "Asilimia" ubaoni, Faizan alianza. Mmm, mmm. Wimbo ukapita dawati kwa dawati mpaka madirisha yakatikisika. Chaki ilisimama ubaoni. Bi Nanyama alifungua kalamu yake.

"Ni mimi!" Nyokabi akajikuta amesimama.

Wimbo ukakatika.

"Ile sauti kwenye video ni yangu. Mimi ndiye niliyesoma wasifu. Nilisema uongo." Ulimi ulikuwa umeshaondoka bila yeye. "Nilisema mwalimu hakufunga. Na niliandika mwenyewe hapa kwamba alifunga. Nilijua."

"Msaliti," Faizan akanong'ona.

Mwalimu Kanyiva aligeuka. Alinyoosha mkono, akapokea daftari, akasoma ukurasa mzima bila haraka. Kisha akanyoosha mgongo wake.

"Vizuri. Tumepata mfano," akasema. "Nyokabi, baki umesimama. Faizan, njoo ubaoni, naona una nguvu za kuimba. Timu moja ilifunga alama kumi na nne. Mchezaji mmoja alifunga kumi na moja kati ya hizo. Ni asilimia ngapi?"

Faizan alishika chaki kama ameshikishwa nyoka. Alikosea mara mbili. Hakuruhusiwa kukaa. Jasho lilimtoka, na sasa darasa lilikuwa linamcheka yeye. Mwisho akaandika: sabini na nane na nusu, na zaidi kidogo.

"Alizifunga zote baada ya kuumia mguu," mwalimu akaendelea. "Sasa wale washindi. Alama tisini na saba, wachezaji kumi na wawili. Kila mmoja alifunga ngapi kwa wastani? Wote, andikeni."

Kalamu zilikwaruza. Kutoka nyuma, Bi Nanyama, ambaye pia alikuwa akipiga hesabu pembeni mwa faili lake, ndiye aliyetangulia kusema. "Nane na kitu!"

"Nane na kitu, wenye miguu miwili," mwalimu akasema. "Na mwenye mguu mmoja?"

"Kumi na moja," darasa likajibu polepole. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mwanafunzi wa mbele aliinuka, akaufuta ule udongo kwa sweta yake mwenyewe.

Bi Nanyama aliandika kwa muda mrefu. Alipokuwa akitoka alisema tu, "Darasa limeshikwa," na Mwalimu Kanyiva akaegemea meza kama mtu aliyetua gunia.

Nyokabi alidhani yamekwisha.

"Bado," mwalimu akamwambia kengele ilipolia. "Uongo uliusemea wapi?"

"Kwa kinyozi, mwalimu."

"Basi ukweli nao utausomea huko huko. Jumamosi. Nitakuja."

Jumamosi duka lilikuwa limejaa tena. Nyokabi alipanda kiti kile kile. Aliposema amekuja kurekebisha wasifu, walicheka wakidhani ni kichekesho kingine. Alipoanza kusoma dakika kwa dakika, kicheko kiligeuka.

"Shuka, Pasta! Unatuharibia!"

"Nani amemnywesha huyu maji ya Kiluani?"

"Azikwe yeye!" mtu akasema, na wote wakaipenda hiyo. Ndegwa, anko wake wa damu, ndiye aliyemshusha. Katoni ya Bwana Viraj ikaletwa, Nyokabi akasukumwa ndani, wimbo ukaanza, udongo ukamwangukia nyweleni.

Alijua sasa jinsi udongo ulivyo baridi shingoni. Lakini daftari alikuwa nalo. Kutoka ndani ya katoni akaendelea kusoma kwa nguvu zote, sauti ikikwaruza. "Dakika ya thelathini na nane! Namba kumi na tatu afunga! Dakika ya thelathini na tisa! Namba kumi na tatu afunga!"

Wimbo ulipungua, ukafa. Mtu aliyechechemea alikuwa amesimama mlangoni, na viatu vyake watu wote walivijua. Hakuwa amesema neno la kumwokoa. Alikuwa amengoja Nyokabi amalize ukurasa.

Ndegwa alikuwa wa kwanza kuinamisha macho. "Mwalimu, karibu," akasema. "Sisi tulikuwa tunacheza tu."

"Nimeona," Mwalimu Kanyiva akajibu. Alimsaidia Nyokabi kutoka katika katoni, akampangusa udongo kichwani, na wala hakumpangusa kwa upole. "Sikiliza, Nyokabi, na wakubwa hawa wasikie. Kumcheka aliyeshindwa ni tabia mbaya, lakini hiyo nimeizoea, nimeshindwa mara nyingi. Kosa lako lilikuwa kubwa kuliko lao. Wao waliropoka walichodhani wameona. Wewe ulikuwa na ukweli mkononi, umeuandika kwa kalamu yako, ukaufunga kwa sababu hauchekeshi. Usilifunge tena hilo daftari kwa ajili ya makofi ya mtu yeyote."

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Ulisamehewa ulipofika dakika ya thelathini na tisa."

Bwana Viraj alikohoa. "Ee, Mwalimu, na marudiano ni lini?"

"Mwezi wa tatu, uwanja wetu, Kiluani. Tutakuwa wanane, na viatu vyetu vyote." Mwalimu Kanyiva aliitazama katoni, akaisukuma kidogo kwa ncha ya kile kiatu cha buluu, kama anayepima ukubwa wake. "Mje nayo. Nyokabi atasoma."