Upande wa Kushoto wa Sahani

Kila mchana Mama Naomi wa kijiji cha Ziwa husonga ugali. Humpakulia mumewe kwanza, Mzee Kipyego. Mzee alipata kiharusi, akatibiwa, akarudi nyumbani. Anatembea, anaongea, anakula. Lakini alianza jambo moja geni. Alikula upande wa kulia wa sahani tu.

"Mzee, mboga yangu imekukosea nini?"

"Mboga gani? Hukuniwekea mboga."

"Na hii ni nini? Nyasi?"

Mama Naomi aliondoa sahani kwa hasira. Aliona ni madharau.

Siku moja wageni wakaja kutoka Munyaka. Kijana Muigai alitaka kumwoa binti yao, Naomi. Alikuja na baba yake, Mzee Gichuru, na wazee wengine. Wakakaa kwa mduara. Mzee Kipyego akasalimia wote waliokuwa kulia kwake. Mzee Gichuru alikuwa kushoto. Akanyoosha mkono. Kipyego akampita, akaketi. Mkono wa mgeni ukabaki hewani.

Gichuru hakumaliza chai. "Muigai, twende. Hapa hatutakiwi."

Walipotoka, Naomi akalia. "Baba, mbona umemkataa Muigai?"

"Nimemkataa lini? Hata baba yake mwenyewe hakuja!"

Mama Naomi akashtuka. Mboga ilikuwa kushoto. Gichuru alikuwa kushoto.

"Kesho tunaenda Eldoret hospitali," akasema.

"Macho yangu ni mazima."

"Basi twende yakasifiwe huko."

Macho yakapimwa. Kweli, yalikuwa mazima. Wakatumwa kwa Daktari Nabwire, mtafiti anayechunguza jinsi ubongo unavyoona. Akampa mzee karatasi na kalamu.

"Mzee, nichoree ng'ombe wako."

Kipyego akachora kichwa, pembe na miguu ya mbele, upande wa kulia wa karatasi. Akaweka kalamu chini.

"Amekamilika?"

"Amekamilika."

"Na maziwa tutakamua wapi?" akauliza Mama Naomi. "Masikioni?"

Daktari akacheka. Akaomba chakula walichobeba, akamwekea mzee mbele yake. Mzee akala nusu, akalalamika kwamba hakuwekewa nyama. Daktari akaizungusha sahani polepole.

"Nyama!" Kipyego akashangaa. "Imetoka wapi?"

"Ilikuwa hapo, Mzee. Kushoto."

Kipyego akaigusa ile nyama. Kwa mara ya kwanza aliogopa.

"Macho huleta habari tu," Daktari akaeleza. "Ubongo ndio unaoona. Kiharusi kimeumiza ubongo wako upande wa kulia. Sehemu hiyo ndiyo hukumbusha mtu kuangalia kushoto. Sasa ubongo unaacha kushoto, na haukwambii kwamba umeacha. Si madharau. Si kurogwa. Si wazimu."

Mama Naomi akafikiri. "Kitendawili! Nyumba ina madirisha mawili safi, lakini mwenyewe hajui ng'ombe wameingia kwa mahindi."

"Nimeshindwa, Mama. Nipe jibu."

"Mwenye nyumba anatazama upande mmoja tu."

"Basi tumfundishe kugeuka," akasema Daktari. "Si wote hupona kabisa, lakini wengi hupata nafuu. Mwekeeni kitu chekundu upande wa kushoto. Asianze kula wala kusoma kabla hajageuza kichwa akakiona. Barabarani, mtu atembee kushoto kwake. Na dawa za presha asiache."

Kazi ikaanza. Mama Naomi akafunga uzi mwekundu kwenye sinia, upande wa kushoto. Naomi akapiga mstari mwekundu kando ya kurasa za Biblia. Siku nyingine mzee alikasirika.

"Nimechoka kufanywa mtoto!"

"Mtoto haozi binti," mkewe akajibu. "Geuka."

Akageuka. Kesho tena akageuka. Wiki zikapita. Mboga ikaanza kuisha kwenye sahani, leo kidogo, kesho zaidi. Ndipo yeye mwenyewe akasema, "Naomi, waite watu wa Munyaka."

Naomi alikuwa amemweleza Muigai kila kitu. Lakini Mzee Gichuru alikuja shingo upande. Alichagua kiti kile kile, upande wa kushoto. Alitaka kuona.

Mama Naomi alikuwa ametaka kufunga kitambaa chekundu kwenye kiti hicho. Mumewe alikataa. "Sitasalimia kitambaa."

Sasa Kipyego akasimama. Akageuza kichwa kushoto, polepole. Macho yakapita kalenda ukutani. Yakapita mlango. Hayakusimama. Akaona goti, akaona koti, akaona uso. Akamwendea mgeni wake, akanyoosha mkono.

"Mzee Gichuru, karibu kwangu."

Gichuru hakuinuka. "Siku ile nilikaa hapa hapa."

"Sasa najua. Nisamehe. Ndiyo maana leo nimeanza na wewe."

Gichuru akainuka. Akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili. "Asante, mkwe," akasema. Naomi akakimbilia jikoni ili asionekane akilia.

Chakula kikaletwa. Kipyego akatafuta uzi mwekundu kwanza, kisha akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Mama Naomi," akasema, "leo umepika mboga nyingi."

"Ni ile ile ya siku zote, Mzee."