Si Kama Wale

Mchana ule barabara ya maduka ilikuwa imefurika, na katikati ya watu kilikuwa kinatembea kioo. Kioo kizima, kirefu kuliko mtu, na chini yake miguu miwili yenye viatu vya kazi. Binti mshona mapazia alikuwa ametoka kununua uzi. Gauni lake la njano lilimkaa sawasawa na mwenyewe alijua. Kioo kiliposimama kupisha mkokoteni, naye akasimama mbele yake, akarekebisha kilemba, akageuka kushoto, akageuka kulia, akajichekea.

"Ukimaliza, dada, niambie," sauti ikatoka nyuma ya kioo. "Mikono inaniuma."

"Mungu wangu! Kumbe kuna mtu?"

"Yupo. Tena amepunjwa, maana kioo ndicho kinachofaidi."

Akachungulia pembeni. Aliona jicho moja, nusu ya tabasamu na shavu lenye vumbi. Wengine hutaka kumchunguza mtu mwaka mzima. Huyu jicho moja lilimtosha.

Tangu siku hiyo akamwita Kioo, naye akaitwa Pazia, na simu hazikuisha.

"Kioo wangu, uko wapi?"

"Juu ghorofani, nawawekea watu madirisha. Nawapa mwanga."

"Na mimi nawashonea pazia zito. Mwanga wako hauingii ng'o."

"Unalionea wivu jua, mpenzi?"

"Naonea wivu kila kinachokugusa."

Mapenzi ukiyasikiliza kwa nje ni upuuzi mtupu. Jioni walitembea mikono imeshikana wakati jua linawasha madirisha ya mji mzima, naye Kioo alimwonyesha, "Lile langu. Na lile," mpaka Pazia akaona kama mji wote umejengwa ili wao wapite chini yake. Alitembea lakini hakusikia ardhi.

Kioo hakuzaliwa katika nchi ile. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, na hadi leo waliishi pamoja, yeye, mama na dada zake, katika vyumba vya nyuma ya kiwanda cha matofali, mtaa ambao watu waliuita "kwa wageni" hata baada ya wageni hao kuzaa na kuzika pale.

Ikaja habari njema kwa akina Pazia. Dada yake mkubwa, aliyechoka kuambiwa "subiri" na madaktari na "vipi?" na majirani, alikuwa mjamzito. Aliificha mimba hadi tumbo lenyewe likamsema. Mama akaita familia nyumbani kwake wanywe chai na kufurahi, naye Pazia akaja na Kioo, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Tangu baba afariki, msemaji wa nyumba ile alikuwa kaka mkubwa. Hakujua Kioo anatoka wapi, na hakuuliza.

"Mtoto azaliwe salama," alisema, "ila mji umeharibika. Wale wa nyuma ya kiwanda wamezidi. Wanajazana, wachafu, hata kuongea hawajui. Warudi kwao."

Pazia aliona mpenzi wake akishusha kikombe, akakimbilia kumwokoa. "Lakini huyu si kama wale, kaka! Huyu msafi, mchapakazi. Ukimsikia akiongea huwezi hata kujua katoka huko."

Kioo alimaliza chai yake, akampongeza mjamzito, akamshukuru mama, akaondoka. Alipopokea simu ilikuwa kesho yake.

"Kwani nimekosa nini? Si nilikutetea?"

"Ulinitetea kwa kumtukana mama yangu. Wale ni yeye, Pazia. Hiyo lafudhi unayofurahi kwamba sina, ndiyo aliyonibembelezea."

"Mimi nilikusifu!"

"Najua. Ndiyo maana imeniuma."

Akakata. Pazia alikasirika. Ana kiburi, alijiambia, mtu unampa mkono anataka bega. Akashona pazia kwa hasira, sindano zikavunjika.

Hadi mteja mmoja, mama wa watu mwenye miwani ya dhahabu, alipokuja kuchukua mzigo wake akatabasamu. "Mwanangu, wewe mwaminifu. Si kama mafundi wengine, wale wanaokata vitambaa vya watu wakaiba."

Pazia akasema asante, kisha akayasikia maneno yenyewe. Aliyemfundisha kushona ni mama yake, na mama alishonea watu maisha yake yote bila kuchukua hata uzi wa mtu. Akakaa chini na mkasi mkononi, akalia.

Siku hizohizo simu ikalia. Mama alikuwa akipiga vigelegele kabla hata ya salamu. "Wa kike! Ana nywele kama keshasukwa! Jumapili wote kwa dada yako!"

Pazia alifika mapema. "Nina wageni," akasema.

"Yule kijana?" kaka akauliza. "Aje tu. Ulishasema ni mtu mzuri."

"Aje na mama yake na dada zake."

"Wale?"

"Wale. Na siku ile nilikosea, kaka. Nilimtoa mmoja kwenye matope nikawaacha ndugu zake humohumo. Sisemi waje kwa sababu ni wasafi au hodari. Mtu hahitaji kuwa fundi mzuri ndipo aache kutukanwa. Wasipoingia wao, siingii mimi."

Hakuwahi kumjibu kaka yake hivyo tangu kuzaliwa.

Dada yake, mzazi mwenyewe, akasema kutoka kitandani, "Mlango wangu, mtoto wangu. Waje. Kaka ukikosa hewa, dirisha lile pale."

Pazia akaenda nyuma ya kiwanda kwa miguu, akapiga hodi. Mama yake Kioo alikuwa uani akianika nguo.

"Shikamoo, mama. Nilikusema vibaya kabla sijakuona. Nimekuja kukuomba radhi, na kuwaalika nyote. Tumepata mtoto."

"Marahaba. Ndiye wewe? Tangu siku hiyo mwanangu hali chakula, anapasua vioo vya watu."

"Mama!" Kioo akalalamika mlangoni. Lakini macho yake yalikuwa kwa Pazia, na yote mawili yalikuwa yamelowa.

Walipoingia kwa mzazi, kila mtu alimwamkia yule mama. Kaka peke yake alikuwa anaangalia simu yake. Mama yake Kioo akapewa mtoto, akamnong'oneza kwa lugha ya kwao, mtoto akanyamaza kusikiliza. Kisha yule mama akainua uso na kusema kwa ile lafudhi yake, bila haraka:

"Huyu nimemwona, nashukuru. Sasa kuna mwingine wa nyumba hii, mshona mapazia. Kijana wangu anamtaka. Tumwombe kwa nani?"

Macho yote yakamgeukia kaka. Akaweka simu chini, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Wa kuombwa ni mimi," akasema. "Lakini sina uso wa kujibu. Hata salamu sijatoa." Akainama mbele ya yule mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeingoja tangu mlangoni."

Kicheko kikajaa chumbani, mtoto akashtuka akalia. Katikati ya kelele hizo Kioo akamwinamia Pazia.

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nasema kaka anachelewa," akajibu, akamshika mkono mbele ya watu wote.