Unga wa Bibi Simha

Habari ile ilimganda Hodaya kama kupe. Alikuwa akikung'uta vitabu dirishani, kimoja kimoja, ili makombo ya mkate yaliyojificha yadondoke. Pasaka ya Wayahudi, ambapo mkate, hamira na unga wa ngano ni mwiko, ilikuwa imekaribia, na mama yake hakutaka hata chembe ya ngano ibaki ndani ya nyumba. Lakini kila alipofungua kitabu aliyasikia tena maneno ya Reut: Bibi Simha anaoka keki za Pasaka kwa unga wa ngano.

Reut, rafiki yake, alimwambia asubuhi hiyo ya Ijumaa walipokuwa wakianika mazulia uani.

"Tena si unga tu," Reut alisema. "Ana hamira kabatini. Na mkate ameuficha chini ya kitanda."

"Nani kauona?"

"Watu. Ua mzima unajua, wewe tu ndiye umelala. Mama amesema keki zake mwaka huu hazivuki kizingiti chetu. Na yeye mwenyewe haji kula kwetu usiku wa Pasaka. Atatuchafulia sikukuu."

Hodaya alinyoosha pembe ya zulia. Juzi, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Reut, "Nimemchungulia Bibi Simha dirishani. Mikono yake ni myeupe kwa unga mpaka viwikoni." Hayo tu. Hamira na mkate vilizaliwa njiani.

Bibi Simha alikuwa mjane asiye na mtoto. Kila mwaka aliwaokea watu wa ua ule keki, na kila mwaka alikula Pasaka kwa akina Reut. Sasa angekaa peke yake, usiku ambao hata mpita njia hukaribishwa mezani.

Alasiri, Hodaya na mama yake, Ofra, walikaa jikoni wakimenya karoti za Sabato. Ilikuwa desturi yao kila Ijumaa kulizungumzia fungu la Torati la juma hilo.

"Haya, kesho tunasoma nini sinagogini?" mama aliuliza.

"Habari za ukoma. Na nyumba iliyoota madoa ukutani."

"Mwenye nyumba akiona doa anafanya nini?"

"Anamwita kuhani."

"Naye kuhani anatazama kutoka wapi?"

"Anaingia ndani." Sauti ya Hodaya ilianza kupungua. "Na akiingia, hakati shauri palepale. Anaifunga nyumba siku saba, halafu anarudi kutazama tena."

Akaweka kisu chini. "Mama, yale maneno ya Bibi Simha yalianzia kwangu. Mimi sikuingia ndani."

Ofra alisogeza karoti kando. "Mimi niliyasikia jana kisimani kwa wanawake," alisema. "Sikuyaeneza, ila sikuyazima pia. Vua aproni. Tunakwenda kabla jua halijatua na Sabato haijaingia."

Bibi Simha aliwafungulia mlango taratibu. Mezani keki zilikuwa zimepangwa, zimefunikwa kitambaa, na hakuna aliyekuja kuzichukua.

"Na nyinyi mmekuja kuniambia hamzitaki?" aliuliza.

Hodaya alisema yote, akitazama sakafu. Bibi Simha alivuta mfuko kutoka rafuni, akauweka mbele yake.

"Gusa. Ni unga wa viazi, mjukuu wangu. Mimi ngano niitoe wapi wiki hii? Ungeniuliza pale pale dirishani, ningekuonjesha."

Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Hodaya zaidi.

Walipita mlango kwa mlango. Mama alisimama nyuma, akamwacha Hodaya aseme mwenyewe: "Mimi ndiye niliyesema. Sikuuliza. Ni unga wa viazi." Mama yake Reut alishika mdomo, kisha akatoka mbio kwenda kuomba radhi. Lakini nyumba moja ilifunga mlango kabla Hodaya hajamaliza.

"Hawa nao, mama?"

"Hawa tutaendelea kuwaambia. Ndiyo maana nakuonya, mwanangu. Uongo uliingia nyumba zote bila kubisha hodi, na ukweli umebisha na bado umefungiwa nje. Torati haisomwi kwa ajili ya kuta za zamani tu. Inasomwa kwa ajili ya lile dirisha ulilochungulia."

Usiku wa Pasaka Bibi Simha alikaa kwa akina Hodaya, maana mama alikuwa wa kwanza kumwalika. Baba aliposoma kwa sauti, katika kitabu cha usiku wa Pasaka, kwamba kila mwenye njaa na aje ale, Hodaya hakuweza kuinua macho. Bibi Simha alimkatia kipande cha keki, akakisogeza mbele yake.

Basi, watoto, epukeni haya:

Kusimulia mlichokiona kwa kuchungulia.

Kusema "watu wanasema" bila kuwajua watu hao.

Kuongeza hata neno moja juu ya mlilosikia.

Kunyamaza jirani anaposemwa, eti hayawahusu.

Kungoja sikukuu ipite ndipo mwende kuomba radhi.