Rejista Iliyopotea Kliniki ya Mapafu

Kabati lilikuwa wazi, kufuli zima, rejista hakuna.

Inspekta aliinama akachungulia tundu la ufunguo. Hakuona mkwaruzo hata mmoja. Mwizi alikuwa amefungua kwa raha zake, kama mwenye nyumba.

"Ilikuwa na nini hiyo rejista?"

"Wagonjwa wetu wote wa sistiki faibrosisi," alisema karani wa kliniki. "Ule ugonjwa wa kurithi, makohozi mazito yanaziba mapafu. Leo tulikuwa tuwapelekee takwimu wenzetu wa hospitali ya nchi nyingine, tulinganishe wagonjwa wao na wetu wanaishi miaka mingapi."

"Na wetu?"

"Zamani tulienda nao sawa, afande. Miaka minne hii wetu wanakwisha."

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwa Mama Daktari."

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vitatu, kila kimoja kona yake. Sakafuni palikuwa na michirizi mipya, ya kitu kizito kilichoburutwa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Benchi. Mama Daktari kalitoa juzi, alipopata barua ya wale wenzetu. Akina mama wa watoto wagonjwa wamenuna kweli."

Machale yakamcheza Inspekta. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari, mama wa makamo, chai yake imepoa mezani.

"Rejista iko wapi?"

"Rejista gani?"

"Usinizungushe, mama. Juzi umetoa benchi, leo rejista imepotea. Barua ilisemaje?"

Daktari alivuta droo, akamkabidhi rejista.

"Waliuliza swali moja tu. Wagonjwa wenu wanakutana? Kwao ni marufuku, maana wakikoholeana wanaambukizana vijidudu vya mapafuni. Nilijua, nikajifanya nimesahau. Kila mtoto alikuwa na siku yake, mama zao wanalia peke yao. Nikawaonea huruma. Miaka minne iliyopita nikawaweka wote Jumanne, benchi moja, wafarijiane."

"Na rejista?"

"Inaonyesha kila kitu. Kijidudu kilekile, mtoto hadi mtoto. Tisa wamekufa. Nilitoa benchi ili waliobaki wanusurike, nikaficha rejista mama zao wasijue."

Inspekta aliona aibu kumtazama, lakini aliuliza. "Mbona hukuichoma?"

"Nilishindwa. Wiki iliyopita tumemzika wa tisa, afande. Mama yake alinikumbatia makaburini, akanishukuru kwa zile Jumanne."