Mlango Uliotoka Kasugho

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na jua limetoka, Rébecca alikuwa akichambua maharage karibu na mlango huku mama yake, Mariette, akisonga bugali. Huko nje, mtaa wa Bulengera mjini Butembo ulikuwa na kelele zake za kila siku: pikipiki, kuku, wanawake wanaobishana bei ya mboga za lengalenga. Hakuna mtu aliyekuwa akiwaza mambo ya ajabu.

Mlango wenyewe ulikuwa wa babu. Ulikuwa wa mbao za libuyu, mzito, mkubwa kwa umri kuliko Mariette. Vita ilipofika kijijini kwao Kasugho, Henri, baba yake Rébecca, alikuwa shambani. Risasi zilipoanza, Mariette alimshika binti yake mkono, wakatoka kwa nyuma, wakatembea porini mpaka Butembo. Baadaye Zacharie, kaka yake Mariette, alirudi kule na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Hakumkuta Henri, wala kaburi lake. Nyumba ilikuwa majivu. Mlango peke yake ulikuwa umesimama, umefungwa, haukuungua hata kona.

Zacharie akaung'oa, akausukuma kwa chukudu mpaka Bulengera, akaupachika haraka kwenye nyumba ya udongo waliyopewa na watu wa parokia. Alisema mbao kama hizo mtu hazitupi. Wakaufungua asubuhi, wakaufunga jioni, maisha yakaendelea.

Sasa, katikati ya maharage na bugali, mlango, uliokuwa bado umerudishwa kwa sababu ya mvua, ukagongwa.

Uligongwa chini, polepole. Pu. Pu.

Mwiko ulimponyoka Mariette. Henri hakuwahi kugonga kwa mkono. Alikuwa akirudi shambani na gunia kichwani, mikono yote miwili juu, kwa hiyo aligonga kwa goti. Hakuna mwingine aliyegonga vile.

"Karibu, baba Rébecca," Mariette alisema, akafungua.

Nje hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya barabara Hadjara, jirani yao, alikuwa akikaanga sambusa zake. Walipomuuliza, alisema hajaona mtu yeyote akikaribia pale.

Kesho yake ukagongwa tena, na siku zilizofuata. Kila mara Mariette alikaribisha, alifungua, akaikuta barabara tupu. Hakulia. Alianza kusuka nywele vizuri na kumwekea mumewe sahani. Zacharie alijaribu kumchekesha.

"Dada, hiyo ni panya. Panya ya Butembo banashiba sana, banagonga kama polisi."

Mariette hakucheka. Zacharie alipotaka kuubadilisha ule mlango, alimkatalia. Ndio mlango ambao mume wake anaujua, alisema. Akiwekewa mwingine atapotea.

Rébecca alisikiliza na kuogopa. Baba alikuwa amekwenda. Shule ilikuwa imekwenda. Alikuwa amebaki na mama tu, na mama kila siku alizidi kuwa wa mlango.

Siku moja, akirudi kutoka sokoni, aliinama barazani kuokota kitunguu kilichoanguka, akaona kwenye mbao mikato midogo ya kisu, mmoja juu ya mwingine. Aliijua mara moja. Kila Noeli baba alikuwa akimsimamisha pale na kukata alama juu ya kichwa chake, kuona amerefuka kiasi gani. Alikuwa akimsimamisha ndani ya nyumba.

Alama zilikuwa zinatazama barabara.

Zacharie alikuwa ameupachika mlango kinyume.

Rébecca aliingia, akaurudisha, akaweka kiganja chake juu ya upande wa chumbani, upande ambao kule Kasugho ulikuwa wa nje. Hapo hapo ukagongwa. Mbao zikatikisika kuelekea barabarani, kama kitu kinachosukumwa kutoka pale aliposimama yeye.

Mariette alikuwa tayari ameshainuka.

"Mama, usifungue," Rébecca alinong'ona. "Hayuko inje. Tuko naye humu ndani." Akamweleza kuhusu zile alama za Noeli zinazotazama barabara.

Mariette aliupapasa mlango kwa kiganja.

"Kumbe, donc, ni mimi njo sikukaa pahali pangu. Ndani ya nyumba yetu ni kule barazani," alisema taratibu.

Alijifuta mikono kwa kitenge. Kabla Rébecca hajamshika, alitoka barazani na kuuvuta mlango nyuma yake.

Chumba kikawa kimya. Jua lilikuwa linapita kwenye tundu la bati, lakini chumba kilinuka majani ya porini yaliyolowa. Nyuma ya Rébecca mtu alishusha pumzi, kama anayebeba mzigo. Halafu mwingine. Halafu mtoto alikohoa.

Rébecca hakugeuka.

Pu. Pu.

Mlango ulifunguka. Mariette alisimama kizingitini, akatazama juu ya kichwa cha binti yake, na uso wake ukang'aa kama wa bibi harusi.

"Karibu, baba Rébecca," alisema. "Karibuni na ninyi bote, batu ba Kasugho."

Baridi ilimpita Rébecca begani. Bega la kulia. La kushoto. Tena. Tena.

"Mama."

Mariette alishusha macho. Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa watu.

"Na weye mutoto, uko wa nani? Hapa hatukujui."

Akafunga.

Rébecca aliuvuta mlango kwa nguvu zake zote. Ulifunguka bila taabu. Barabara, kuku, jua. Hadjara alisema alimwona Mama Rébecca akicheka na kupisha njia, kama anayepisha wageni. Kisha yeye, Hadjara, aliinama kugeuza sambusa. Alipoinua macho, hakukuwa na mtu barazani.

Walimtafuta Bulengera yote na mtaa wa Kimemi wote. Zacharie alirudi na shoka, uso umelowa machozi, akasema ataupasua ule mlango uwe kuni. Rébecca alisimama mbele ya mjomba wake na kutandaza mikono.

"Noko, ukiupasua, mama atapita wapi?"

Shoka lilimtoka Zacharie mkononi. Alikuwa anatazama sakafu ya chumba, nyuma ya miguu ya Rébecca.

Buti mbili za shambani za mwanaume zilikuwa zimesimama pale kando ya kizingiti, zimepangwa vizuri, ncha zikielekea mlangoni, kama za mtu aliyezivua ili asichafue nyumba. Zilikuwa na tope jeusi la porini. Tope la Bulengera ni jekundu.

Rébecca alipiga magoti, akaingiza mkono katika moja.

Ilikuwa bado na joto la mguu.