Nusu Saa ya Kuzoea Giza

"Wivu utakuua, mkwe wangu," mama mkwe alisema huku akinisaidia kukunja mablanketi ya wageni. "Mwanangu na dada wa mapokezi? Unaota mchana."

"Siyo wivu, Mama."

"Ameniambia umechanganyikiwa. Anataka huyo binti aongoze wageni, wewe ukapumzike kwenu."

Kwenu! Miaka yote mimi ndiye ninayewaonyesha watalii nyota kwenye kilima hiki, mume wangu anapokea simu ofisini chini ya taa. Lakini kilima ni cha mama yake. Mama akisema niondoke, naondoka, sina mume wala kazi. Nikameza hasira.

"Basi leo kaa na wageni, Mama. Ukiona nimemsingizia, nafunga virago mwenyewe."

Jua lilipozama nikamtumia mume wangu meseji: "Leo nawapeleka wageni upande wa pili wa kilima. Tutachelewa."

Akajibu: "Sawa mke wangu kipenzi. Vaa sweta."

Sweta! Nilijua wanapokutania kila nikiwa mbali. Nikapanga viti palepale nyuma ya ofisi, vikitazama tangi la maji.

"Zimeni simu," niliwaambia wageni. "Macho yanataka nusu saa kuzoea giza. Ukipata mwanga kidogo tu, unaanza upya. Mkisikia mlango wa ofisi, fumbeni macho mpaka ufungwe. Na tukae kimya."

Somo hilo alinifundisha yeye, enzi za uchumba wetu, akiwa amenishika mkono. Nilimpenda sana yule mwanaume.

Tukatazama Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Baada ya muda mama mkwe akaninong'oneza, "Ala! Mbona naona mpaka kokoto?"

Mlango ukalia. Tukafumba macho. Tulipofumbua, mume wangu na dada wa mapokezi hao, wanapapasa ukuta, hatua chache kutoka miguuni petu.

"Mpenzi, mkeo je?"

"Yuko ng'ambo na nyota zake." Akaanza kufungua vifungo vya shati. "Mama nimeshamjaza maneno. Kikongwe yule ukimwambia lolote anaamini. Wiki hii mke anaondoka."

Wakakumbatiana, wakabusiana. Wageni wote wanaona.

"Mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, "funga vifungo. Kuna wageni."

"Mama?! Uko wapi?"

"Mbele yako. Nakuona mpaka meno."

Binti akapiga yowe, akajigonga kwenye tangi, akatimua mbio. Hapo nikawasha tochi kubwa nyeupe, ambayo sijawahi kuiwasha mbele ya mgeni, nikammulika mume wangu usoni. Nilifurahi, wala sioni haya kusema.

"Mke wangu, nilidhani..."

"Ulidhani kwa kuwa wewe huoni, na sisi hatuoni."

"Njia ya mwongo fupi," mama mkwe akasema. "Kikongwe amesikia. Kilima ni changu, na anayebaki ni mkwe wangu. Asubuhi nisikukute."

Mgeni mmoja akakohoa. "Samahani, na hiyo nyota iliyopita mbio angani inaitwaje?"

"Hicho ni kimondo," nikamjibu. "Kinawaka kidogo, kinazimika."

Wiki iliyofuata meseji ikaingia: "Nisamehe mke wangu. Binti ameniacha. Huku niliko ni giza tupu."

Nikaisoma mara mbili, kwa raha zangu.

"Unamjibu nini?" mama mkwe akauliza.

Nikamwonyesha nilichoandika: "Vumilia nusu saa. Utazoea."